Mkono wa Baba Juu ya Vitufe

4 Februari

Mwanangu,

Huko kwema? Unakula? Sisi wazima kwa kiasi chetu. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu baba yako anasikia kila neno. Tangu kiharusi kimnyang'anye sauti, masikio yake yamekuwa ya paka.

Ile programu uliyomwekea, anayoandika nayo ikamsemea, imetushinda. Mkono uliokuwa ukifungua injini za malori sasa unatetemeka, kidole kinagonga kitufe kimoja mara tano. Jana alitaka kuniita, mashine ikalia "mmmmmama" kama mbuzi. Nilicheka, Mungu anisamehe. Naye akacheka kidogo, kisha akaifunika taulo. Leo hajaigusa. Anagonga meza kwa kijiko, nami nabahatisha: maji? choo? dirisha? Miguu imenivimba.

Si kazi yako ni kompyuta? Basi itengeneze.

Mama yako

11 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Iweke juu ya mto ukipata nafasi. Mimi nipo, ila usingizi ndio haba.

Programu hiyo ni huria, Mama: haina tajiri. Wanaijenga watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kuifungua ndani akarekebisha. Nimeifungua. Kila kitufe kikiguswa inapokea tu, haijali kama kidole kilikusudia. Basi nikitoka kazini nakaa nayo, macho yananiwasha. Nimeandika kipande kinachoizuia kupokea herufi ileile ikifuatana upesi. Nikakipeleka kwa msimamizi, yule anayeamua kipi kiingie. Amekataa. Eti kitawachelewesha wanaoandika kwa kasi. Nikamjibu kwamba baba yangu hana kasi.

Sitamngoja. Jumamosi nitaingia kwenye kompyuta ya Baba kutoka huku, niweke hicho changu. Mwambie aondoe taulo.

Binti yako

16 Februari

Mwanangu,

Leo hata salamu sina, unisamehe.

Programu yako imefanya kazi. Haina kigugumizi tena. Baba yako alikaa nayo muda mrefu, anatafuta vitufe, jasho linamtoka. Mimi nafua mashuka uani. Mara nikaisikia sauti ya ile mashine, safi kabisa: "Nataka kufa."

Niliingia na mapovu mikononi. "Umesema nini, mume wangu?"

Akabonyeza tena. "Nataka kufa."

Nikapiga magoti. "Nimekukosea nini? Nakulisha vibaya?" Akawa anatikisa kichwa, anapiga meza kwa ngumi, nikajua ana hasira kwamba namzuia. Nikaichomoa mashine, nikaificha chini ya kitanda. Visu vya jikoni nimevipeleka kwa jirani.

Muda wote huu namgeuza, namwogesha, kumbe namchelewesha safari yake.

Usiniambie nimrudishie mashine.

Mama yako

2 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Simu hupokei, barua hujibu. Nimekuudhi?

Baba yako amegeukia ukutani. Hata kijiko hagongi tena. Nikimlisha anafungua kinywa, nikimwambia neno anafumba macho. Nimechoka, binti yangu. Nimechoka mpaka hofu yenyewe imenichoka.

Mama yako

5 Machi

Mama,

Shikamoo. Hujaniudhi. Niliposoma barua yako niliona nimemtengenezea Baba kinywa cha kusemea neno lile. Nikawa naenda kazini, narudi, nalala na viatu. Mradi wa hiyo programu sikuugusa.

Jana mtu mmoja wa kule kwenye mradi, hata simjui, ameniandikia: "Nimejaribu kipande chako. Kinameza herufi." Nikajaribu mwenyewe. Nikaandika "saa", ikasema "sa". Nikaandika "kaa", ikasema "ka". Kisha nikaandika "kufaa".

Mama, usiwashe mashine. Muulize kwa mdomo wako: ulitaka kusema kufaa? Halafu mtazame.

Binti yako

6 Machi

Binti yangu,

Nimemuuliza. Alinikodolea macho kwanza, kisha akaitikia kwa kichwa, akaitikia, akaitikia, mate yanamtiririka, amenishika kiwiko kama mtu anayezama majini. Nikaketi sakafuni kando ya kitanda. Tulilia mpaka chakula kikaungua jikoni.

Nataka kufaa! Mtu anaomba awe na faida duniani, mkewe anamfichia visu. Jirani amevirudisha bila kuuliza swali, Mungu amzidishie.

Mashine nimeitoa chini ya kitanda; rekebisha, mwanangu. Lakini vua viatu kwanza.

Mama yako

2 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na umfikishie Baba yake. Nina mafua, si makali.

Muda wa kuzuia herufi isijirudie niliuweka mrefu mno. Kidole kinachotetemeka hurudia herufi upesi kuliko mtu anayekusudia kuandika mbili. Nimeufupisha muda huo, na kila mtu anajichagulia wake, asiyeuhitaji hasumbuliwi. Msimamizi amekubali, kipande changu kimeingia kwenye programu ya wote. Akaandika: "Samahani. Baba anaendeleaje?" Nikaegemeza kichwa mezani, ofisini, watu wananiona.

Kwenye kompyuta ya Baba nimeshakiweka. Aandike "saa" na "kaa" mpaka aridhike. Isipomkaa vizuri, niambie.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi, na pole ya mafua. Tulihangaika na huo muda wako, mara mfupi, mara mrefu, na baba yako akatukana kwa mashine siku nzima. Matusi yalitoka vizuri sana.

Sasa mafundi wenzake humpitia asubuhi. Wanamkalisha mlangoni mwa gereji, kompyuta mapajani. Wakiwasha injini anasikiliza, anaandika. "Pampu," mashine inasema. Wakibisha: "Nimesema pampu." Wanacheka. Si kila siku anapatia. Juzi wamefungua injini bure, akarudi amenuna.

Mkono haujapona. Bado namwogesha, bado namgeuza. Ila leo walipomchukua niliketi kitandani nipumzishe mgongo, na sikumbuki zaidi. Walipomrudisha wakanikuta hapohapo, mdomo wazi, alama za mto shavuni. Nikakurupuka nitafute jiko. Baba yako akaandika, na mashine ikasema mbele ya wageni wote: "Mwacheni alale."

Wakatoka kwa kunyata, mijitu mikubwa ile. Chakula cha jioni sikuuliza kimetoka wapi. Nilikula, nikarudi kulala.

Mama yako