Baiskeli ya Krismasi

Old Moshi, Januari 1999

Baba Kindness,

Hapa mgombani hatujambo, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Krismasi kila mwenye mume Dar alimpokea stendi. Mimi nikapokea baiskeli. Unasema ni mpya, ila imetengenezwa kama ile ya zamani uliyokuwa ukinipakia nyuma wakati wa uchumba. Kweli zinafanana: nyeusi, kengele ileile, gia tatu. Lakini mdogo wako Denis alishanieleza habari za yule mwanamke wa Tabata na mtoto wenu, kwa hiyo nilijua umeituma kuniziba mdomo.

Sikuirudisha. Nilivaa suruali yako ya harusi nikaiendesha mpaka kanisani. Mama yako akashika kichwa: "Mwanamke na suruali, tena Jumapili!" Nikamwambia, "Shikamoo mama," nikapiga kengele.

Sasa nimeshaijua gia ya kupandia mlima. Kila asubuhi napeleka maziwa mjini, na pale kwenye keria ulipokuwa ukinikalisha nimefunga dumu. Hakuna tena nafasi ya mtu.

Ukija, panda kwa miguu.

Ni mimi,
Eliaichi