Onyo Lililomezwa na Rangi

Dada yangu mpendwa,

Nakusihi, haya usimwambie mtu, hata shemeji.

Nyumbani hatujambo, mama anakusalimu. Mimi tu ndiye mwenye jambo zito.

Ofisini kwetu hospitalini natumia kompyuta moja na mzee tunayemwita Babu Miwani. Wiki iliyopita nilibadilisha rangi za programu tunayoandikia msimbo, yale maagizo ya kuiendesha kompyuta. Maelezo tunayoachiana kati ya mistari yaliniudhi, nikayapa weusi uleule wa ukurasa wa programu hiyo, yakatoweka. Nikasahau kuyarudisha.

Jumatatu Babu akauendesha msimbo. Onyo lilikuwepo katika maelezo hayo, nililiandika mwenyewe: "Usiendeshe, utafuta majina ya wagonjwa." Hakuliona. Majina yote yamefutika.

Mkuu akamfokea mbele yetu: "Mzee, macho yamekwisha hayo, nenda kapumzike!"

Babu akanigeukia. "Mjukuu wangu, kweli nimekuwa kipofu?"

Nikamjibu, "Pole, babu."

Rangi nimezirudisha kimyakimya. Ijumaa anaachishwa kazi. Nikisema ukweli, naondoka mimi.

Niambie la kufanya. Ofisini usipige. Piga simu ya mama Alhamisi saa saba mchana, nitapokea mimi. Ukisikia sauti yake, msalimie tu, kisha ujaribu tena baada ya nusu saa.

Mdogo wako