Maharage ya Chungu cha Bibi

Katumba, Nsimbo,
Mkoa wa Katavi.
8 Juni 2025

Kwa mama yangu mdogo mpendwa, Specioza,

Amani iwe nawe na wote walio chini ya paa lako huko Nyanza-Lac. Natumaini mguu uliopasuliwa umeanza kukanyaga chini, na kwamba wajukuu wanakuachia nafasi ya kupumua. Sisi huku tu wazima wa mwili. Baba anakula, ingawa kwa kubembelezwa. Kaka Révérien amerudi kwenye tumbaku yake, nami nimeruhusiwa kuwa nje ya chuo hadi wiki ijayo. Baba anakusalimu kwa heshima ya shemeji, na anasema hakuna aliyekuhesabia kosa kwa kutofika mazishini, maana mguu mgonjwa hauamrishwi.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu yako, mama mdogo, husikilizwa na ua mzima kwa sauti ya juu, na haya ninayoandika yanapaswa kukufikia wewe kwanza. Didace, anayepeleka mchele Kigoma, ameahidi kuivusha barua hii mpakani kwa mkono wake.

Nianze na mazishi, ujue dada yako alisindikizwaje. Nimesoma miaka mitatu juu ya uongozi na madaraka. Nimesimama mbele ya wanafunzi wenzangu nikadai haki hadi koo likakauka. Sijawahi kuona umati ulioitwa na mtu asiyekuwa na cheo chochote. Walikuja Waha, Wakonongo, na Wasukuma ambao mifugo yao iliwasubiri barabarani. Wakaja akina mama wa ikibiri, lile kundi lao la kulimiana mashamba kwa zamu, na majembe yao begani, kwa sababu walikuwa wameamua kwamba kaburi la Mama, Médiatrice wao, lisichimbwe na wanaume peke yao. Katekista Yotham alijaribu kueleza kuwa jambo hilo halina desturi. Wakamjibu kwamba hata mkewe yeye alipojifungua watoto pacha usiku wa mvua, Médiatrice hakuuliza desturi, alivuka mto Msaginya maji yakiwa kiunoni. Katekista akasogea pembeni, akashika koleo.

Unanijua, mama mdogo, sipendi sifa za marehemu zinazompaka mtu chokaa. Mama alikuwa na hasira za asubuhi, na aliimba kwaya kwa sauti iliyowapoteza wenzake. Lakini ni nani mwingine aliyeketi na Baba kwenye bani la kukaushia tumbaku misimu yote, akichochea moto naye na kumbishia kila jambo la siasa, ili tu asisinzie? Ni nani aliyetulea sisi pamoja na watoto wa jirani aliyelazwa, hadi mgeni akashindwa kutambua yupi wa nani? Walipotuita wakimbizi alilima. Walipotuita raia alilima vilevile, ila siku ile alivaa kitenge kipya. Ninayo shukrani isiyoenea kifuani, na ndiyo inayonipa nguvu ya kufika kwenye neno lililo gumu.

Siku Mama alipofariki ulituagiza jambo moja kupitia simu. Ulisema kile chungu cha mbegu za maharage, zile ambazo Bibi alizifunga kwenye pindo la nguo mwaka wa sabini na mbili akakimbia nazo kutoka Bururi, kisitoke nyumbani. Ulisema siku ya kuganduka, tutakapovua msiba na kushika jembe tena, mbegu zile zipandwe na mikono ya damu yetu tu, wala mgeni asiziguse. Na ukasema kwamba zikipotea, tusikungoje, kwa kuwa tutakuwa tumemzika Bibi mara ya pili. Nawe unajua kwamba bila wewe, ndugu pekee wa tumbo moja na Mama, hatuwezi kuuvua msiba huu. Baba hatalima, wala Révérien hawezi kupeleka posa kwa watu wanaomsubiri.

Mama mdogo, mbegu zile zimeliwa.

Zililiwa siku ya pili ya matanga. Watu walizidi chakula, na Mama Queen, aliyekuwa mkuu wa jiko, aliingia stoo akakuta chungu kimejaa maharage yaliyochanganywa na majivu. Alidhani dada yako aliyahifadhi hivyo yasiliwe na wadudu, kwa ajili ya kula. Akayaosha, akayabandika. Mimi nilitambua harufu ilipokwisha kuenea uwanjani.

Nilisimama pale jikoni kama ninavyosimama chuoni siku za mgomo. Niliuliza ni ukoo gani unaopika historia yake sufuriani. Niliuliza ni mikono ya nani hiyo inayoingia stoo ya marehemu kabla machozi hayajakauka. Nikatamka kwa sauti kwamba kuna vitu vya wenyewe na kuna wageni. Mama Queen alibaki ameshika mwiko, hajui auweke wapi. Akina mama wa ikibiri wakainamisha vichwa. Bibi Esteria pekee, yule mzee wa Kikonongo uliyezoea kumwona barazani kwetu, aliendelea kula taratibu. Nilipomaliza aliniambia kwamba mjukuu nimesema vizuri, hata redio haifui dafu kwangu, ila nikae kwanza nile, maharage yameiva, tatizo ni chumvi tu.

Baba akaniita nyuma ya nyumba. Nilifikiri ananiita kunipongeza.

Aliniuliza kama namfahamu Bibi Esteria, niliyetoka kumwita mgeni pamoja na wenzake. Kisha akanieleza alichoelezwa na Mama mwaka waliooana, na ambacho Mama alimwomba, siku zake za mwisho kitandani, akufikishie wewe.

Mwaka wa kwanza hapa Katumba, msitu ukiwa bado haujafyekwa wote, Bibi alilazwa Mpanda mjini. Mama, msichana mdogo asiyefikia kimo cha mchi, aliachwa akiwa amekubeba wewe mgongoni. Mvua zilikata barabara na chakula cha msaada hakikufika. Wewe ulishikwa na surua, ukaacha kulia, na Mama aliogopa ukimya wako kuliko kilio. Ndani hamkuwa na kitu ila mbegu za Bibi. Akazipika. Alizisaga kwa vidole akakulisha, zote, hadi ukapata nguvu ya kulia tena.

Kisha akaketi njiani kumsubiri Bibi arudi amwadhibu. Aliyepita ni Esteria, wakati huo mke kijana, akitoka kuchimba dawa. Hawakuwa na lugha moja. Mama alimwonyesha kitambaa kitupu, akamwonyesha wewe. Esteria aliondoka, akarudi jioni na maharage yake mwenyewe, mekundu yenye mistari, akayafunga kwenye kitambaa kilekile. Ya Bibi yalikuwa ya njano. Bibi aliporudi akayatazama kwa muda mrefu, akasema udongo wa huku una nguvu, umebadilisha hata rangi ya mbegu. Hakusema zaidi hadi anakufa. Baba anaamini alijua.

Kwa nini Mama hakukuambia? Baba anasema alikusudia mara nyingi. Lakini mwaka wa elfu mbili na tisa, ulipochagua kurudi Burundi naye akachagua kubaki, uliondoka na konzi ya mbegu hizo kifuani ukilia, na hakuwa na moyo wa kukuondolea kitu cha mwisho ulichokuwa umekishika. Aliomba tu usimchukie.

Nilirudi jikoni. Nilimpigia Bibi Esteria magoti mbele ya wote, naye akanisogezea sahani.

Basi, mamawacu, mama yetu, nakuandikia bila hotuba. Ulisema mbegu zikipotea hutakuja. Zimepotea kweli, tena mara mbili: mara ya kwanza zilikuponya wewe, mara ya pili ziliwalisha waliokuja kumlilia yeye. Sijui njia nyingine ambayo Mama angependa zipotee.

Huku hatuna hata punje moja. Wewe unazo, shambani kwako Nyanza-Lac, ukizipanda kila msimu. Tunakuomba mvua za Novemba zitakapoanza uje nazo, mguu ukiruhusu. Baba amependekeza, nasi watoto tumekubali, kwamba shimo la kwanza lichimbwe na Bibi Esteria, na wewe ndiye utie mbegu. Mwenyewe amesema yupo tayari, mradi usichelewe, kwa kuwa magoti yake hayaweki miadi ya mbali.

Nisalimie wajukuu wote na majirani wanaokutunza. Révérien anakusalimu, na akina mama wa ikibiri wanakusalimu. Mama Queen anakusalimu kwa woga, tafadhali mtumie neno la kumtuliza. Jibu lako mpe Didace; anarudi mwisho wa mwezi, nami nimemwachia Baba kiti cha kumsubiria barabarani.

Mtoto wako, kitindamimba wa dada yako,

Providence