Funguo za Saluni ya Nne

Chumba cha nyuma,
Saluni ya Kwanza.
Alhamisi asubuhi.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute mzima kuliko nilivyo mimi. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi chake kimekwisha au bado kinawaamsha nyote wawili? Mwambie aache kubishana na dawa. Dawa haina masikio.

Sisi huku tu wazima, ukiuacha mguu wangu. Umevimba tena, na daktari ameniamuru nikae kitako, mguu juu. Ndiyo maana leo unapata barua ndefu. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kreti ya shampuu, taulo mbichi zinanidondokea kisogoni. Miaka yote sikuwa na nafasi ya kukuandikia vizuri. Nafasi hii nimepewa na mguu.

Nina swali, na unijibu kama dada, si kama mwalimu. Ulimwambia nini mwanao kwenye simu? Nasema mwanao kwa sababu siku hizi yule binti ni wako kuliko wangu. Mimi nimemzaa, wewe unamshauri, na kushauri hakuna uchungu wa kuzaa.

Unajua kwamba saluni ya nne inafunguliwa Jumatatu hii inayokuja. Viti kumi na vinne, masinki matano, vioo kutoka sakafuni hadi darini. Tangu mwanzo nilisema ile ni yake: miguu yangu imegoma, yeye bado ana miguu mipya. Mwenye jengo nimeshampa neno langu. Kilichobaki kilikuwa mwanao kunyoosha mkono apokee funguo.

Sasa sikia. Jumamosi, siku ambayo hapa hapana hata pa kutemea mate, nimeingia nikakuta vichwa tisa kwenye benchi na kiti chake kitupu. Nikauliza yuko wapi. Wasichana wote wakaanza kuchunguza vitana vyao. Mwishowe yule tunayemwita Mrefu, msusi wangu mkuu, akasema amekwenda kumsuka mama mshonaji nyumbani kwake. Ni yule mama aliyekuwa na cherehani mlango wa pili kutoka hapa. Amepooza upande mmoja, hatoki kitandani.

Aliporudi, wateja watatu walikuwa wameshachoka kungoja na kuondoka. Sikumpa nafasi ya kuweka mkoba chini.

“Umeacha vichwa tisa kwa ajili ya kichwa kimoja?”

“Mama, hivyo tisa vina miguu.”

“Vyenye miguu ndivyo vinavyoondoka! Na kule kwenye saluni mpya, ukiwa na viti kumi na vinne, utafanya hivihivi?”

“Sitakuwa navyo. Funguo sizitaki, Mama. Niachie hii ndogo ya viti vinne.”

Mteja mmoja aliyekuwa chini ya draya akanyoosha mkono polepole, akaizima. Nilipomtazama akasema, “Endeleeni tu jamani, mimi na draya hii sisikii kitu.”

Nikamwambia mwanao, “Viti vinne ndivyo nilivyoanza navyo. Unataka kuishia nilipoanzia?”

“Mama Mkubwa amesema kufanikiwa ni kujua pa kusimama.”

Haya. Mbele ya wafanyakazi na wateja nikachapwa kwa fimbo uliyoichonga wewe.

Pa kusimama, Dada? Nafasi ya shule ilipokuwa moja nasi tuko wawili, Baba alikupa wewe kwa kuwa ndiye mkubwa. Sikulia siku ile, na leo sikudai. Ulikwenda kuketi darasani, mimi nikaenda kusimama barazani kwa jirani na kitana kimoja cha kuazima. Hakuna aliyekuja kuniuliza napenda kusimama wapi. Nimesimama hadi miguu ikawa hivi unavyosimuliwa. Maneno ya pa kusimama na pa kutosimama ni matamu sana mdomoni mwa aliyekwisha kuketi.

Na usidhani ni tamaa. Najua mnavyonisema, hata wasichana hapa nikigeuka mgongo naitwa Mama Hesabu. Sawa, nahesabu. Nyie mnaona viti, mimi naona nani anakaa na nani anasuka. Mrefu alikuja hapa kafukuzwa kwa mjomba wake, na nguo alizovaa tu, hajui hata kugawa nywele mstari ukanyooka. Leo anafundisha wenzake. Viti vinne ni wasichana wanne. Kumi na vinne ni kumi na wanne. Kumi na mmoja nimeshawachagua, na wawili kati yao wameacha kazi walikokuwa kwa sababu ya neno langu mimi. Niambie basi, wewe mwenye vyeti: mtu akisema “inatosha”, inamtosha nani?

Jumapili nikaenda kwa mama mshonaji. Sikwenda kumjulia hali, Mungu anisamehe. Nilikwenda kukiona hicho kichwa kilichoshinda vichwa tisa.

Nimemkuta ameegemea mito, amesukwa mistari myembamba kuanzia kwenye paji hadi kisogoni. Nilijifanya kumsogezea mto, kumbe nakagua. Nikatafuta kosa. Nikaangalia nyuma ya sikio, pale msusi mvivu anapokimbilia. Nikapapasa upande ule uliopooza, maana mtu anayelalia upande mmoja hasukwi kama mwingine, fundo likikaa vibaya linamuumiza usiku kucha. Mwanao alikuwa amefikiria hata hilo: upande wa kulalia hauna fundo hata moja.

Mama mshonaji akasema, “Binti yako amenishika kichwa kama bado kina kazi.” Kisha akakitazama kilemba changu. “Na wewe, Mama Saluni, anakusuka nani?”

Nikamwambia sina nafasi. Akacheka mpaka nikamshika asianguke.

Labda unafikiri nilirudi nimelainika. Nilirudi na hasira mara mbili. Mikono kama ile, Dada! Mimi katika ubora wangu sikuwa na mikono ile. Kuifungia kwenye viti vinne ni sawa na kuifunika taa kwa ndoo. Angewafundisha kumi na wanne wasuke hivyo, wakawafundisha wengine, na mji mzima ungejua kitu. Hayo kwangu ndiyo mafanikio: kitu chako kitoke mikononi mwako kiende kikaishi kwa watu. Yeye kwake ni yule mama alale bila kuumia. Tumevutana hivyo, na kamba haijakatika, ila inalia.

Nimezunguka sana. Kuna neno la Jumamosi sijakuandikia.

Baada ya kutaja jina lako, mwanao aliweka mkoba chini. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, “Mama, nikikataa, nitabaki mwanao?”

Nilichukua ufagio nikaanza kufagia nywele. Sakafu ilikuwa imeshafagiliwa.

Tangu hapo ananisalimu kwa adabu, ananiletea chai, hiyo kreti ya shampuu ameiweka yeye chini ya mguu wangu. Hajauliza tena. Hapa ninapoandika yuko upande wa pili wa pazia, namsikia akimtania mteja kwamba nywele zake zina ukaidi kama mume wake. Pazia lenyewe ni kipande cha kitambaa, na kulifungua kumenishinda.

Saluni ya nne itafunguliwa. Wale wasichana siwezi kuwarudisha walikotoka. Funguo atapokea Mrefu. Nitamwambia leo mchana, na najua ataanza kwa kulia, kisha ataniuliza habari za masinki. Mwanao atabaki na viti vyake vinne. Usifurahi. Sijasema mmeshinda. Nitaendelea kuhesabu kila kichwa kinachoondoka kwenye lile benchi.

Msalimie sana shemeji, na wanangu wote huko, hasa kitinda mimba wako anayependa kunitumia picha za paka. Kaka yetu dereva anakusalimu, anasema hujajibu ujumbe wake. Mungu akunyooshee goti na akupe wanafunzi wasikivu kuliko mimi.

Nina ombi moja, nalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Ukimaliza kusoma, mpigie mwanao umwambie ndiyo, atabaki mwanangu. Nimejaribu kumwambia mwenyewe, mara ya kwanza akiwa na chai mkononi, mara ya pili asubuhi hii. Kila nikifungua mdomo nasikia kwamba baada ya “ndiyo” inakuja “lakini”, naufunga. Wewe ulisoma, unajua pa kuweka nukta. Mwambie ndiyo, kisha uweke nukta.

Akupendaye hata akinuna,
mdogo wako,
Mama Hesabu.