Nyumba Isiyojua Kuhama

Mudzi-Pela, Bunia
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mama mdogo Rebecca,

Pokea salamu zetu sote. Mguu wako unaendeleaje, na baridi ya huko kambini Uganda mnaivumilia vipi? Watoto wa binti yako Gentille wamepata shule? Sisi huku tu wazima wa mwili. Zaidi ya hapo sitaki kukudanganya.

Habari ya msiba wa mama yako, bibi yetu koko Bibiane, uliipata kwa simu iliyokuwa ikikatika-katika. Leo nakuandikia yale ambayo simu iliyameza.

Tangu tuukimbie msitu wa upande wa Komanda, sisi Wambuti tumebanwa hapa pembeni mwa mji. Mwaka jana mradi mmoja ulitupatia kiwanja ili tujengewe nyumba ya utamaduni wetu, na mchoro nikapewa mimi, kwa kuwa kuchora nyumba ndiyo kazi yangu. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Nikachora ukumbi wa mviringo, mbavu za saruji zimepindwa kama za vibanda vya mama zetu, na mlango mfupi, ili hata mkubwa wa serikali akiingia ainame.

Koko aliutazama mchoro akacheka. "Hii karatasi haiko na mikono," akaniambia. "Ngoja nikuonyeshe."

Kujenga kibanda kwetu ni kazi ya wanawake, na katika binti zake wewe peke yako ulijifunza hadi mwisho. Basi akaanza kukijenga palepale kiwanjani. Fito za msituni hakuna. Tukampa matawi ya mkaratusi, yakawa yanamkatikia mikononi. Kijana wetu Alexis alikwenda Komanda na pikipiki kutafuta majani ya kuezekea, akarudi mikono mitupu, barabara imefungwa kwa risasi. Koko akaezeka kwa turubai la wakimbizi, huku akilitukana. Kisha akahamia humo, ati aone kama mvua itamheshimu. Homa ikamkuta humo, akakataa kutolewa, na humo ndimo alimofia.

Kilichofuata unakijua. Tuliporudi kutoka makaburini wanaume walikiangusha kibanda, na jamaa zote zilizokuwa zikiishi kiwanjani zikafunga mizigo zikahama. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Enjenia Fiacre, mkubwa wa mradi, si mtu mbaya. Aliwafuata walikohamia. "Mutu anakufaka kila pahali," akawaambia. "Tutafanya maombi, kisha kazi itaendelea."

Mzee Dany alimjibu kwa upole. "Siye hatukatale nyumba. Lakini pale iko pa Koko sasa."

Wakaomba kiwanja kingine. Hakuna. Na hata kingepatikana, mama mdogo, hapo ndipo ninapoumia. Sisi tunapahama alipofia mtu. Nimezaliwa katika desturi hiyo, na bado nilikaa mezani nikachora saruji. Siku moja mtu angekufa huko pia, na nyumba ya matofali haijui kuhama.

Sasa mbavu zimefutwa. Wanataka mstatili wa matofali na mabati, jina letu likiandikwa ukutani. Nikikataa, atachora mwingine. Kwa hiyo ninachora. Wageni watakuja kuizindua, watapiga picha, kisha itatiwa kufuli. Natamani ningekuandikia neno la kutia moyo, lakini sina. Mlango wa nyuma nimeuchora mfupi, wa kuinamia. Hakuna wa kwetu atakayeupita.

Nilitaka kukuomba unieleze ufito wa kwanza huchomekwa wapi, maana koko sikumwuliza. Halafu nikaona ningeuchora tu, nao ungebaki karatasini. Hilo usiniandikie. Mwonyeshe Gentille kwa mikono yako, hata kama huko kambini mna vijiti vya nyasi tu.

Nisalimie Gentille, baba Lambert na wadogo wote. Angèle wa jirani na mzee Dany wanawasalimu. Mungu aliyempokea koko awafunike ninyi mlio mbali, na asimchukue mwingine kabla hatujaonana.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Bijou