Nusu Yako ya Ukulele

Baba Fide, mume wangu,

Habari za huko sikuulizi, maana hutajibu, na mimi nimechoka kuuliza visivyojibiwa. Huku Katindiuka tupo. Niseme nipo, ila ulimi bado umezoea kusema tupo. Mpunga wa shamba la Michenga umeshaingia ndani, safari hii nimeuamia peke yangu, kufukuza ndege, na nyumba imekuwa kubwa kuliko tulivyoijenga.

Leo nataka tuongee habari ya kile kigitaa. Unakumbuka Fide alivyokileta kutoka Dodoma, baada ya kiharusi kukupoozesha upande wa kulia? Gitaa lako la kwaya lilikuwa limeshatundikwa ukutani, na ulipopita chini yake ulikuwa unaangalia sakafu. Mwanao akafungua begi, akatoa kidude cha nyuzi nne za nailoni, kama mishipi ya wavuvi wa kwetu, mwili wake mdogo kuliko ungo wangu. Akasema kinaitwa ukulele, watu wa visiwa vya mbali huko ndio wenye nacho. Ukakigeuzageuza kwa mkono wako mmoja, ukauliza, “Mama yake yuko wapi?” Fide akacheka. Wewe hukucheka.

Halafu ukaanza ubishi wako. Ukasema uzi wa juu kabisa, ule ulio karibu na kidevu, lazima uwe na sauti nzito kama wa gitaa. Ukaniamuru niulegeze. Nikaulegeza mpaka ukawa unanesa kama kamba ya kuanikia nguo, unakoroma tu, nawe siku nzima unawasema waliokitengeneza kwamba hawajui kazi. Fide alipokuwa amesharudi Dodoma ndipo akakueleza kwa simu: ni so, do, mi, la, lakini hiyo so ni ya juu, haishuki chini ya do. Mwalimu wa kwaya mzima ukaniamuru niukaze tena uzi. Baadaye ukacheka, mara ya kwanza tangu utoke hospitali. Ukaniambia ndiyo maana hakina sauti nzito, chenyewe kinachekacheka tu, hata kwenye wimbo wa msiba kitachekacheka.

Mkono wako wa kushoto ulikuwa mzima, na vidole vyake vilikumbuka kila kitu. Wa kulia ndio haukuweza kucharaza. “Njoo ucharaze wewe,” ukasema. Mimi, ambaye maisha yangu yote ya kwaya nilijua kuimba sauti ya pili tu! Tukakaa kwenye benchi la barazani, mwili wa kigitaa kwenye mapaja yangu, shingo yake kwenye mapaja yako. Wewe ukabana nyuzi, mimi nikazipiga. Mkono wako uliopooza ukawa unatuziba hapo katikati, basi nikauinua, nikainamisha kichwa nikaupitisha nyuma ya shingo yangu, kiganja kikaning'inia begani. Ikawa ndiyo desturi yetu. Hatuanzi mpaka mkono umepita.

Majirani walitucheka, wazee wazima tunakumbatiana mchana kweupe. Mtu wa Mahenge wewe, tangu unioe hukuwahi kunishika mbele za watu. Ukawajibu kwa uso mkavu kabisa, “Si mimi, ni mkono.” Mpaka leo wakinikumbusha nacheka, kisha naingia ndani.

Tulipokuzika nikakitundika kigitaa pembeni ya gitaa. Kikakaa hapo, vumbi likakijaa. Siku moja Fide akapiga simu, akaniomba kwa adabu kwamba atakapokuja kuchukua mchele akichukue na kigitaa, awafundishie watoto wa shule yake, kuliko kioze ukutani bila kuguswa. Alikuwa na haki. Mimi ninachokijua ni nusu tu, nusu ya kulia, na nusu haiimbi. Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Basi msimu wa kuamia ndege nikaenda nacho Michenga. Nikawa nakaa juu ya dungu la kulindia mpunga, asikilize nani zaidi ya kwelea? Sauti ya kwanza ya kubana ni rahisi, ulikuwa unanionyesha bila mimi kutaka kujua: kidole cha pete peke yake, uzi wa chini kabisa, nafasi ya tatu, nyuzi nyingine unaziacha wazi. Kidole cha pete, Baba Fide. Kiliuma, kikavimba, kikaota sugu. Zile sauti nyingine mbili za wimbo zilinitoa machozi, vidole vinakataa kukunjika, na nikivitazama mkono wa kulia unasahau kucharaza.

Nikuambie ukweli. Sikuogopa kushindwa. Nilichoogopa ni kuweza. Nilivyokuwa siwezi, nafasi yako ilikuwa bado ni yako, hakuna aliyeikalia. Nikiweza, nimekubali kwamba hurudi. Niliwahi kukiweka chini na kusema Fide aje akichukue, yaishe. Kesho yake nikakiokota tena.

Fide alikuja Jumamosi. Nikakaa kwenye benchi, nikampigia ule wimbo uliotunga tulipohama Mahenge kuja huku bondeni. Nilikosea, nikarudia, nikamaliza. Kigitaa kikachekacheka kama ulivyosema. Mwanao alilia mpaka akanyamaza mwenyewe, akapakia mchele wake, akaondoka. Kigitaa amekiacha.

Sasa nakipiga kila mchana. Mke wa jirani amenipongeza, eti sasa nimekuwa fundi, sihitaji mtu. Nimemshukuru. Sikumwambia kwamba bado nakaa upande wangu wa benchi, na kwamba kila ninapotaka kuanza, kabla sijagusa uzi, nainamisha kichwa kwanza, ili mkono wako upite.

Pumzika, mzee wangu.

Mkeo,
Mama Fide