Ukumbi Ulioishia Kwenye Lenta

Mwalimu Hemedi,

Shikamoo. Ni afadhali habari hii uisikie kwangu mimi niliyetia saini. Ukumbi wetu wa Nguvumali haupo tena.

Miezi michache baada ya kukuzika ilikuja barua ya serikali. Yale maombi uliyokuwa ukinitamkia nikiyaandika, mwaka baada ya mwaka, ya ukumbi mpya wa taarabu wenye jukwaa na paa lisilovuja, yalikuwa yamekubaliwa. Tulikuwa tumeingizwa kwenye bajeti ya maendeleo. Niliwasomea wenzetu, na Bi Tatu, aliyeimba mbele ya fidla yako tangu usichana wake, akajifunika uso kwa mtandio. "Laiti angesubiri kidogo," akasema. Nami nilikukasirikia, Mwalimu, kwa kutosubiri.

Kisha akaja afisa utamaduni na karatasi. Ukumbi wa zamani uvunjwe kwanza, kiwanja kiwe wazi. Nilimwuliza kama hatuwezi kuendelea kuutumia mpaka mkandarasi afike. Akanijibu, "Mama, fedha zipo. Zinawasubiri nyinyi." Katibu wa kikundi ni mimi. Nikasaini. Tingatinga lilimaliza kazi kabla ya adhuhuri. Nilisimama ng'ambo ya barabara, fidla yako kifuani kama nimebeba mtoto, na ukuta wa nyuma ulipolala nilifurahi. Nakwambia kweli. Nilifurahi.

Mkandarasi akachimba msingi, akapandisha kuta mpaka usawa wa lenta, pale juu ya madirisha, akaondoka. Tukaambiwa ni mvua. Halafu tukaambiwa mwaka wa fedha umekwisha, na fedha ambazo hazikutumika zimerudi Hazina. Yule afisa alikwisha kuhamishwa. Aliyeshika nafasi yake ni binti mpole. Alinipa kiti, akalisoma faili letu ukurasa kwa ukurasa, akalifunga.

"Mama, andikeni upya," akasema. "Mimi hapa sina uwezo zaidi ya huo."

Natamani angekuwa na kiburi, nipate wa kumlaumu.

Siku hizi tunafanyia mazoezi sebuleni kwangu. Tumebaki watano. Bi Tatu haji tena, miguu imemvimba. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza, "Agnes, kwani tulivunja kwa nini?" Hakuuliza kwa ubaya, alitaka tu kujua. Nikamwambia chai inapoa.

Naikumbuka siku niliyokuja kwenu mara ya kwanza, binti wa mkata mkonge, na sare ya kwaya ya Kilutheri mwilini kwa sababu sikuwa na gauni jingine zuri. Wazee wakanong'ona, huyu wa kanisani anataka nini kwenye taarabu. Wewe ukanyoosha mkono na kunipa fidla. "Mwacheni ashike, tumsikie." Nilipiga vibaya mno, mpaka mmoja akatoka nje. Ukasema, "Usiukandamize upinde, mwanangu. Hajakukosea kitu." Ukauzungumzia ule upinde kama mtu. Tangu siku hiyo nikawa na mahali pa kwenda.

Mwezi uliopita mwanao Mwanahamisi alikuja kutoka Mkwaja. Alikuwa amesikia kwamba serikali imejenga ukumbi, akataka kuuona. Sikuwa na moyo wa kumkataza. Nilimpeleka. Majani yamefika kiunoni na ndani maji yametuama. Alikunja buibui lake akaingia, akatazama huku na huku, kisha akaniuliza, "Baba alikuwa akikaa upande gani?"

Mwalimu, sikujua. Kuta mpya hazikufuata zile za zamani. Nilijaribu kukisia mlango ulipokuwa, dirisha lako lilipokuwa, nikazunguka pale kama mtu aliyepotea. Mwishowe nikanyoosha kidole kwenye kona moja ili tu apate pa kutazama. Akasimama pale akakuombea dua. Nami nilisimama nyuma yake, nikijua kwamba huenda nimemdanganya.

Nisamehe. Nimeandika upya, kama yule binti alivyosema, na barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Sijui nani ataisoma. Sina imani nayo, lakini nimeipeleka.

Ukumbi siwezi kukuahidi, hauko mikononi mwangu. Ila kuna mama mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ana watoto watatu na vidole vigumu. Alinisikia nikipiga, akabisha hodi, akaniomba nimfundishe. Tunakaa barazani kwangu, na bado kila anachopiga kinakwaruza. Huyo nakuahidi. Nitamfundisha mpaka apige asinitazame.

Pumzika, Mwalimu wangu. Mungu akupe nafasi kubwa huko uliko.

Mwanafunzi wako,
Agnes